Masikio Asiyoyaamini

Guruneti liliwatenga na kikosi asubuhi, wakiwa katikati ya msitu. Moshi ulipopungua, mtu wa redio alijikuta amelala kwenye matope, redio imetobolewa, sikio la kushoto likivuma kama mzinga wa nyuki. Pembeni yake Sajenti alikuwa akijifunga paja kwa mkanda wa bunduki.

"Wenzetu wako wapi, afande?"

"Waliosalia wamekimbilia mlimani. Kwa mguu huu siwezi kupanda. Sisi tutafuata mto. Niinue."

Wakashika njia, mmoja akimwegemea mwenzake. Walikunywa maji yaliyotuama kwenye majani mapana, wakiyachuja kwa fulana. Ghafla mtu wa redio akasikia risasi. Akajitupa chini na kumwangusha Sajenti juu ya mguu wake mbovu.

"Una wazimu? Hakuna risasi hapa!"

Mtu wa redio akainua kichwa, akasikiliza. Kisha hofu ikapungua, udadisi ukachukua nafasi yake. Kichwa chake kiliwezaje kutengeneza mlio kamili vile, pamoja na mwangwi wake? Tangu hapo kila aliposikia kitu aliuliza.

"Hiyo je?"

"Tumbili."

"Na hiyo?"

"Hiyo ni yako peke yako, mdogo wangu."

Wakacheka mpaka mbavu zikawauma.

Walipofika mtoni, kidonda cha Sajenti kilikuwa kimeanza kunuka, na homa ilikuwa imempanda kichwani. Alizungumza na mama yake, aliyekufa zamani. Hapo ndipo mtu wa redio aliposikia injini ya boti. Mtoni boti zilikuwa za upande wao tu.

"Afande, umeisikia hiyo?"

"Mama anasema tunyamaze."

Akabaki peke yake na masikio asiyoyaamini. Akipiga kelele na boti haipo, adui waliojificha vichakani watamsikia. Akinyamaza, Sajenti haioni kesho. Akatazama ng'ambo. Ndege weupe walikuwa wametulia kwenye matawi yaliyoinamia maji. Akawakodolea macho. Mara wakainua shingo, wakageukia upande mmoja wote, kisha wakaruka kwa pamoja.

Wale hawakuwa na wazimu wake. Akaingia mtoni mpaka kifuani, akapiga yowe kwa nguvu zote zilizobaki.

Boti ikakata kona, ikawajia.

Sajenti alikatwa mguu, akapona. Mtu wa redio alirudi nyumbani bila jeraha la kuonyesha mtu. Siku moja wakiwa mezani na mkewe, jirani alibamiza mlango. Mtu wa redio akajikuta chini ya meza, mikono kichwani. Mkewe alipiga magoti, akamchungulia. Kisha naye akajipenyeza humo humo.

"Sogea basi, mwenzangu. Ulikuwa wapi sasa hivi?"

"Msituni."

"Nipeleke na mimi."

Akaanza kumweleza tangu mwanzo, na chai ikapoa juu ya vichwa vyao.