Tenga la Mwisho

Bisha. Bisha sasa hivi, kabla sijaanza, ili nikimaliza uone aibu mwenyewe. Wapo waliobisha hapa hapa, kwenye benchi hili la kivukoni, wanaume wenye ndevu zao, wakacheka mpaka divai ikawatokea puani, halafu wakaomba wasindikizwe hadi kwenye magari. Saa tisa alasiri! Kweupe pee!

Kisa ni cha Veit, wa ile nyumba ya mlango wa buluu chini ya mteremko. Kijana shupavu, miaka kumi na tisa, mabega mapana kama mlango wa kanisa. Shule aliiacha kwa sababu shule ilishindwa kwenda naye sambamba. Baba yake ni mzee Alban. Dada yake ni Jutta, anayemzidi miaka mitano na akili, ingawa hilo la akili ni maneno ya Jutta mwenyewe.

Shamba lao la mizabibu limesimama kama ukuta. Ukidondosha kofia kule juu, utaiokota mtoni. Mzee Alban hatii dawa ya kiwandani hata tone: anachemsha majani ya upupu ananyunyizia, magugu anafyeka kwa mkono, na majirani wanamcheka. Udongo ndio dini yake. Mvua za baridi zikiushusha hadi ukuta wa chini, basi kila Februari familia inauzoa kwa beleshi na kuurudisha juu, tenga kwa tenga. Udongo wa kununua? Heri umtukanie mama yake.

Siku hizi matenga yanapanda kwa kigari cha reli moja, kinachokohoa kama mbuzi mgonjwa. Isipokuwa la mwisho. Tenga la mwisho la mwaka linabebwa mgongoni na mtu wa nyumba ile, ngazi mia tatu na kumi na mbili bila kupumzika, mpaka ukuta wa juu kabisa. Linamwagwa pale, na aliyelibeba anasema, "Shusha mzigo, mama. Umefika."

Mama huyo alikuwa kibarua, enzi za babu wa babu yake Alban. Alifia kwenye ngazi zile akiwa na tenga mgongoni. Mwenye shamba alikuwa na haraka, mawingu yamekusanyika. Wakamfukia nyuma ya ukuta na mikanda ya tenga ikiwa bado mabegani. Jina lake hakuna aliyeuliza.

Sasa, mwaka ule goti la mzee Alban lilivimba kama boga.

"Veit, la mwisho ni lako leo."

"Baba, hilo nabeba hata usingizini."

"Sikukuuliza habari za usingizi. Utabeba?"

"Nitabeba."

Mzee na Jutta walipoingia ndani kunywa supu, Veit akalitazama tenga. Akazitazama ngazi. Akakitazama kigari. "Kwani tenga lina macho?" akasema. Akalifunga juu ya kigari kwa kamba, akakiwasha, kikaondoka peke yake, naye akakifuata nyuma taratibu, mikono mfukoni, akipiga mluzi.

Alipofika juu, kigari kilikuwa kimesimama mwisho wa reli. Kamba ilikuwa pale pale, fundo lilelile alilolipiga yeye. Tenga halikuwepo. Hapakuwa na punje ya udongo iliyomwagika. Ila kwenye vijiwe vyeusi vya shamba lile palikuwa na nyayo za miguu mitupu, zimezama sana, kama za mtu aliyebeba kitu kizito. Zilikuwa zinashuka.

Chini, baba yake akamuuliza, "Umeshusha?"

"Nimeshusha."

"Na maneno umeyasema?"

"Kwa sauti ya padri kabisa."

Mzee akacheka, akampiga begani. Veit akala bakuli mbili za supu.

Kesho yake wakati wa chai, Jutta akainua kichwa. Kwiii. Kwiii. Sauti ya fito za tenga zinapolemewa. Ilitoka kwenye ngazi za ndani.

"Umesikia?"

"Paka," Veit akasema.

"Paka wetu alikufa Novemba, we zuzu."

Kukaja harufu: jiwe lililolowa, mizizi, na kitu kingine cha chini zaidi, cha shimo lililofunikwa muda mrefu. Mzee Alban akajishika kiuno, akasema mgongo unamuuma kidogo.

Haukuwa kidogo. Jumatatu alishindwa kufikia rafu ya vikombe. Jumatano kidevu chake kilikuwa kimekaribia sahani. Daktari akasema uzee, akampa mafuta ya kuchua. Jutta alipomvua shati ampake, akakuta michirizi miwili myeusi mabegani, kila mmoja upana wa mkanda. Na kila asubuhi kitanda cha mzee kilijaa udongo mbichi, mweusi, wa kwao wenyewe. Jutta aliuzoa kwa beleshi, akaujaza kwenye ndoo uani. Hakulia. Alizoa tu.

Ijumaa adhuhuri ukungu ulipanda kutoka mtoni ukaziba madirisha, na Veit alipoingia jikoni kutafuta mkate alimkuta baba yake kwenye kiti chake, amekunjika mpaka paji la uso linagusa meza, na nyuma yake, mahali ambapo pasingeweza kukaa mtu kwa sababu ukuta uko pale pale, palikuwa na giza lenye umbo la mwanamke aliyeinama, na mikono ya giza hilo, ambayo kucha zake zilikuwa zimejaa tope, ilikuwa ikikaza mikanda kwenye mabega ya mzee, polepole, kwa uangalifu, kama mama anavyomvalisha mtoto begi la shule, huku fito zikilia kwiii, kwiii, na mzee akinong'ona bila kuinua uso, "Veit, mwanangu, nani ameniwekea hiki kitu?"

Jioni ile Jutta akaenda kumleta Bi Walburga kutoka ng'ambo ya kilima, yule bibi anayenong'onea vidonda na majipu. Akaingia na viatu vyake vya mpira, akanusa mara moja.

"Nani alibeba la mwisho?"

Veit akaanza kukwangua tope kwenye kiatu chake.

"Nauliza tena, kwa sauti ndogo maana mama mwenyewe yuko mlangoni ananisikiliza. Nani alibeba?"

"Kigari," Veit akanong'ona.

Jutta akamtazama. Afadhali angempiga kofi.

"Basi mzigo haujashushwa," Bi Walburga akasema. "Anazunguka nao kutafuta mgongo, na huu ameupata. Jumapili utavunjika. Jazeni tenga udongo uliotoka kitandani, lipandishwe kesho kukicha. Mbebaji asipumzike. Asigeuke, hata akiitwa kwa jina."

Na Veit akabeba! Nawaambia, kijana alijikaza kisabuni. Alfajiri, ukungu mzito, hakuona hata mkono wake. Ngazi ya hamsini, nyuma yake zikaanza nyayo tupu, chwa, chwa, zikikanyaga pale alipotoka kukanyaga yeye. Ngazi ya mia, tenga likawa zito maradufu. Ngazi ya mia mbili alisikia pumzi shingoni, baridi, yenye harufu ya jiwe, na sauti ya baba yake ikamwita kutoka chini, halafu sauti ya mama yake aliyekufa ikamwita kwa lile jina la utotoni ambalo hakuna mwingine aliyelijua, ikimwambia pumzika mwanangu, kaa hapo kidogo tu, naye akaendelea, damu inatoka pale alipouma mdomo, mpaka kichwa chake kikagonga ukuta wa juu. Akamwaga. "Shusha mzigo, mama. Umefika."

Ukungu ukapasuka. Chini kule, mzee Alban akatoka uani amenyooka kama mlingoti, akaomba kahawa.

Piga makofi basi.

Haya. Acha. Ipo sehemu niliyoiruka.

Veit ni mimi, na msijifanye mmeshangaa, mlishajua tangu pale kwenye mabega. Lakini sikubeba. Niliganda ngazi ya kumi na moja. Nililia. Jutta akanivua mikanda, akajivika mwenyewe, akapanda. Hayo ya ngazi ya mia mbili ni yake. Alinisimulia mara moja tu.

Na Bi Walburga alisema neno jingine jikoni, akinitazama mimi: abebe yule aliyekwepa, maana akibebewa, mzigo hautui, unahama tu.

Jutta hakurudi amenyooka. Ana miaka ishirini na sita, na anakunywa chai kwa kuinamia kikombe. Akipita ukumbini nasikia kwiii. Juzi Baba alimkatia miguu ya kiti, ili afikie meza vizuri. Hakuna anayenilaumu, na hilo ndilo linalonitoa usingizi.

Leo tumemaliza kuzoa. La mwisho liko pale ukutani, mnaliona? Jutta alikuwa anahangaika kulivaa, nikamwambia aache, la leo ni langu, nakwenda kunywa glasi moja kivukoni narudi. Glasi yenyewe ni hii, imekwisha.

Asubuhi niliishika mikanda ya tenga hilo, kupima tu. Kuna barafu kila mahali leo, mpaka kwenye mpini wa beleshi. Mikanda ilikuwa na joto, kama iliyovuliwa mabegani mwa mtu sasa hivi.