Kaseti Arobaini na Mbili

Jumamosi ya Muzdalifa ilianza kwa betri. Alipokwisha kufagia uwanja na kumsaidia mama yake kutoa beseni la vitumbua barazani, aliifunga betri ya gari kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, akaizungushia mpira mara tatu, kisha akaisukuma baiskeli polepole hadi kwenye mashine ya kusaga, karibu na stendi ya Kibiti. Mwaka ule wa 1999 umeme wa nguzo ulikuwa haujafika mtaani kwao. Betri ilishinda mashineni ikichajiwa, na alasiri aliirudisha nyumbani ikiwa imejaa. Ikijaa, iliwasha televisheni ndogo kwa saa nne. Baada ya hapo picha ilinywea, ikawa kitone katikati ya kioo, ikazimika mpaka Jumamosi nyingine.

Televisheni hiyo, mashine ya gemu na katoni zima la kaseti viliteremshwa kwenye basi la Dar es Salaam mwezi wa saba. Aliyevituma ni kaka yake, Abdulatifu, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha nguo huko mjini. Baba yao alikwisha fariki, na Abdulatifu ndiye aliyemnunulia Muzdalifa sare na madaftari. Ndani ya katoni kulikuwa na barua.

"Mdogo wangu," aliandika, "kiwanda kimeuzwa, na mwenye mali mpya ametupunguza kazi. Kiinua mgongo changu chote kimo ndani ya katoni hili. Nataka kufungua chumba cha gemu hapo Kibiti, watoto waje kucheza kwa zamu. Kaseti ni arobaini na mbili. Nimezinunua kwa jumla, sikuzijaribu hata moja. Zijaribu zote. Niandikie ipi nzima na ipi mbovu, ipi tamu na ipi haina maana. Mimi nitakuja mwezi wa kumi. Sina mwingine wa kumtegemea katika hili isipokuwa wewe."

Muzdalifa alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita. Hakuna mtoto mtaani aliyewahi kupewa kazi tamu kama ile. Jirani yao Haruni, fundi redio aliyekuwa akinywa chai barazani kwao kila asubuhi, alimfungia nyaya za betri na kumwonyesha namna ya kuchomeka kaseti. Muzdalifa alizipanga kaseti sakafuni, akazibandika namba kuanzia moja hadi arobaini na mbili. Zilikuwa na picha za kila namna: simba, ndege za vita, wachezaji mpira, magari yanayoruka moto.

Alianza na kaseti namba moja, mchezo wa mtu mwenye kofia ya chuma aliyeshuka kisimani kutafuta ufunguo. Jumamosi ya kwanza alifika steji ya nne. Ya pili akafika ya sita, akakwama hapo. Ya tatu alikwama palepale. Ilimuuma kuuacha mchezo aliokaribia kuumaliza, akaona akiuacha atakuwa ameshindwa. Mwezi wa nane ulipokwisha, alikuwa amejaribu kaseti tatu tu.

Zilibaki thelathini na tisa.

Hapo ndipo hofu ilipomwingia. Jumamosi iliyofuata aliamua kwenda mbio. Alichomeka kaseti, akacheza dakika tano, akachomoa, akachomeka nyingine. Mara nyingine kioo kilitoa chenga tupu, naye hakujua kama kaseti ni mbovu au hakuichomeka sawasawa. Hakuandika kitu, kwa kuwa aliona kuandika kunampotezea betri. Picha ilipozimika, alikaa sakafuni akijiuliza: ile ya magari ilikuwa namba kumi na moja au kumi na saba? Ya mpira ilikuwa nzima? Hakukumbuka. Mtaka yote hukosa yote. Saa nne zilikuwa zimekwenda, na alikuwa palepale alipoanzia.

Tangu siku ile alianza kulichukia katoni. Alilisukuma chini ya kitanda, lakini kulisukuma hakukumsaidia. Alipolala alijua liko chini yake. Darasani mwalimu alipoandika hesabu za sehemu ubaoni, yeye alihesabu majuma yaliyobaki kabla ya mwezi wa kumi, akajikuta ananakili majibu ya jirani yake bila kuyaelewa.

"Si ulisema ukiwa na gemu utakuwa mtu wa raha?" rafiki yake Siti alimuuliza siku moja walipokuwa wakiteka maji.

"Sizipendi tena, Siti."

"Basi niite mimi nikusaidie. Wawili si tutafanya haraka?"

Muzdalifa alitikisa kichwa. Alimwonea haya Siti, maana alikwisha jisifu kwake kwamba amefikia kaseti ya thelathini.

Mama yake, Bi Mwanaidi, naye alimuuliza, "Kazi ya kaka yako imefika wapi, mwanangu?"

"Inaendelea, mama."

Akaenda zake jikoni haraka, asije akaulizwa zaidi.

Mwishoni mwa mwezi wa tisa kondakta wa basi alileta barua ya pili. Abdulatifu alikwisha pata chumba jirani na stendi. Alitaka kujua kaseti zipi zianze, na jibu limfikie kwa basi la kesho yake. Muzdalifa alikaa na karatasi mpaka wino ukamchafua vidole. Angeweza kuandika, "Kaka, imenishinda." Maneno mawili tu. Lakini kila alipoyafikiria, aliyaona yale ya barua ya kwanza: sina mwingine wa kumtegemea. Akalivuta katoni, akazitazama picha zilizobandikwa juu ya kaseti, akaanza kutunga. "Zote ni nzima. Namba kumi na tisa ni ya simba, tamu sana. Namba ishirini na tano ni ya ndege, watu wataigombania." Aliikunja barua, akampelekea kondakta stendi.

Abdulatifu alikuja amekonda, lakini macho yamejaa matumaini. Alipaka chumba chokaa, akapanga mabenchi, akaandika kwa rangi nyekundu juu ya mlango majina ya gemu kumi na mbili, sawasawa na barua ya mdogo wake. Siku ya kufungua, watoto walijaa hadi nje.

"Tuanze na simba!" alitangaza.

Kioo kikatoa chenga. Akaichomoa, akaipuliza, akairudisha. Chenga tena. Akaweka ya pili, kioo kikawa cheusi. Ya tatu ilikuwa ya vifaru, watoto wakashangilia, wakacheza. Akaweka ile yenye picha ya ndege. Vikatokea vifaru vilevile. Akaweka yenye picha ya magari. Vifaru.

"Mbona vifaru tena?" mtoto mmoja alipiga kelele. "Anatudanganya huyu!"

Wakacheka, wakaanza kutoka mmoja mmoja. Mpaka alasiri chumba kilikuwa kitupu. Muzdalifa alisimama mlangoni. Kaka yake alikuwa ameshika ile barua, anaisoma, anaigeuza, anaisoma tena.

"Wewe umeandika zote ni nzima," alisema taratibu. "Basi kuna mtu amezibadilisha. Na mwingine aliyekuwa akizigusa ni Haruni."

Muzdalifa aliinama, akaanza kuokota kaseti.

Abdulatifu alimfuata Haruni barazani, mbele za watu, akamwita mwizi. Haruni aliweka kikombe cha chai chini. "Abdulatifu," alisema, "wewe ungali mtoto mimi nakunywa chai kwenye baraza hii. Leo nimekuwa mwizi?" Akainuka, akaenda zake bila kugeuka nyuma.

Usiku ule Muzdalifa hakupata usingizi. Asubuhi alipita mbele ya kibanda cha Haruni akienda shule, akaona wanawake wawili wamesimama pale. Mmoja alikuwa amekuja kuchukua redio yake.

"Haijatengenezwa bado, mama," Haruni alikuwa akisema.

"Nipe hivyo hivyo. Nimesikia habari zako, sitaki kuja kuambiwa vyuma vimebadilishwa."

Haruni alimkabidhi redio. Muzdalifa alimwona anajifuta uso kwa kiganja, akainama juu ya meza yake iliyobaki tupu. Hakuweza kupita. Alikimbia nyumbani, akamshika kaka yake mkono, akamvuta hadi kibandani, na pale mbele ya wale wanawake akasema yote huku analia.

"Haruni hajaiba kitu. Sikuzijaribu kaseti. Nilijaribu tatu tu, nyingine nilizipitia mbio mbio nisielewe kitu. Zilinishinda, nikaandika uongo."

Abdulatifu hakumpiga wala hakumfokea, na hilo lilimuumiza zaidi.

"Ungeniambia zimekushinda," alisema, "ningechelewa kufungua, basi. Nisingemtukana mtu aliyenilea." Akamgeukia Haruni, akamwomba radhi kichwa kimeinama. Haruni aliitikia, lakini hakumpa mkono.

Abdulatifu alirudi nyumbani akajilaza, uso umeelekea ukutani. Siku mbili hakula ila uji. Alisema atarudi Dar es Salaam akasukume mkokoteni, chumba kirudishwe kwa mwenyewe. Kila Muzdalifa alipopita karibu na kitanda chake, alitamani ardhi ipasuke immeze. Alijiona yeye ndiye aliyelila jasho la kaka yake.

Siku ya tatu mama yake alimkuta jikoni amekaa karibu na jiko lililozimika.

"Zimebaki ngapi?" Bi Mwanaidi aliuliza.

"Nyingi, mama. Hata nikianza sasa, hazitaisha."

"Sikukuuliza kama zitaisha." Mama yake alivuta kigoda, akaketi. "Baba yenu alipofariki, nilikaa eda miezi minne na siku kumi. Nilipokwenda bondeni nikalikuta shamba la mpunga lote limeshikwa na magugu, huoni mpunga uko wapi. Nilikaa chini nikalia kama wewe. Kisha nikajipimia ngwe, hatua kumi kwa kumi. Nikasema, leo yangu ni hii tu. Shamba lililobaki sikulitazama."

Wakaliburuta katoni pamoja. Mama, ambaye hakuwahi kugusa gemu maishani mwake, ndiye aliyeuliza swali ambalo Muzdalifa hakuwahi kujiuliza. "Kaka yako alikwambia uzimalize, au uzijue?"

Muzdalifa alifikiri. "Nizijue."

"Kuujua ubwabwa kama umeiva, unakula sufuria zima?"

Alipata ngwe yake. Kila kaseti nusu saa, haizidi, hata kama mchezo umenoga. Kaseti nane kwa betri moja. Daftari liwe wazi, kaseti ikichomolewa iandikwe kabla ya kuchomeka nyingine. Alikwenda kwa Siti, akamwambia ukweli kwamba hakuwahi kufika kaseti ya thelathini, akamwomba aje kushika saa. Siti alinuna kidogo, kisha akaja. Abdulatifu aliposikia sauti za gemu siku ya kwanza hakugeuka, uso ulibaki ukutani. Siku ya pili aliinuka, akaibeba betri mwenyewe kwenda mashineni, nayo ikawa inachajiwa mara mbili kwa juma.

Jambo gumu kuliko yote lilikuwa kwenda kwa Haruni. Muzdalifa alisimama mbele ya meza yake, akaomba msamaha peke yake, bila kaka wala mama.

Haruni aliendelea kukaza skrubu. "Wateja watatu wamenikimbia," alisema. "Wawili wamerudi. Mmoja hatarudi." Kisha akachukua kichupa cha spiriti na pamba, akamsogezea. "Futa meno ya kaseti, haya ya shaba chini, kabla hujasema imekufa. Nyingine ni uchafu tu."

Kaseti saba zilizotoa chenga zilifufuka kwa pamba ile. Baada ya majuma matatu daftari lilijaa: kumi na tisa nzima na tofauti, kumi na nne zilizorudia michezo ileile chini ya picha nyingine, tisa mbovu kabisa. Abdulatifu alifuta maandishi yake ya zamani mlangoni, akaandika kumi na tisa za kweli. Si watoto wote waliorudi. Siku ya kwanza walikuja sita, ya pili kumi na mmoja. Mwisho wa mwezi alimwambia mama yao kwamba hatakwenda tena Dar es Salaam.

Muzdalifa alimwendea pia mwalimu wake wa hesabu, akakiri kwamba haelewi hesabu za sehemu tangu mwezi wa tisa. Mwalimu alimwanzishia ukurasa mmoja kila siku baada ya masomo.

Jioni moja, walipokuwa wakichambua mchele, alimuuliza mama yake, "Kwa nini zilinishinda mwanzo, na kaseti ni zilezile?"

Bi Mwanaidi alipepeta ungo, akapuliza makapi. "Wingi wake haukukushinda, mwanangu. Ulijaribu kuzibeba zote kwa mara moja, zikakuelemea. Hapo hapana kosa, hata mtu mzima huelemewa. Kosa lako ni kwamba ulielemewa ukanyamaza, kisha ukasema uongo, na uongo ule akaja kuubeba Haruni, ambaye mzigo haukuwa wake. Kazi ikiwa kubwa, jipimie ngwe yako. Ikikushinda, sema mapema, wakati wenzako bado wanaweza kukusaidia."

Akamsogezea ungo. "Haya, chambua hapo palipo mbele yako."