Cherehani ya Shangazi na Tairi la Akiba

Asubuhi ile, kama kawaida, nilimtia Bibi matone ya dawa machoni. Kisha tukaanza safari ya kumpeleka hospitali ya mbali kupasuliwa jicho. Daktari alikuwa ametuonya: tukikosa zamu ya Bibi ya mchana, tutangoja hadi mwakani. Na jicho lenyewe halikuwa la kungoja.

Lakini majirani waliposikia tunasafiri, lo! Huyu akaleta gunia la mahindi, yule magodoro, Shangazi cherehani ya binti yake aliye huko. Mwingine akaleta mlango!

"Mlango, Mama? Huko hakuna mafundi?"

"Nyamaza! Mtu akikuomba umpelekee mzigo, humwambii hapana."

Matairi ya nyuma yalikuwa yamebonyea. Mjomba, dereva wetu, akayajaza upepo mpaka yakawa magumu kama jiwe. "Gari ni chuma, halichoki," akasema. Nilitamani kulia kwa hasira.

Katikati ya njia, jua likiwa kali, tukasikia pu! Gari likayumba, Mjomba akalidhibiti kwa shida. Tairi la nyuma lilikuwa limechanika vipande vipande. Tukashusha mizigo yote tufikie tairi la akiba. Mahali pake palikuwa patupu.

Mjomba akajikuna kisogo. "Nililiacha nyumbani. Cherehani ilikosa nafasi."

"Mjomba! Kwani cherehani ndiyo inayoumwa jicho?"

"Wewe mtoto, adabu!" Mama akafoka.

"Mwache," Bibi akasema. "Kwani amekosea nini?"

Bahati nzuri, mama mmoja akasimamisha gari lake. Akakubali kutuchukua Bibi, Mama na mimi. Basi Mjomba, bila haya, akauliza, "Na cherehani je, dada?"

"Hapana, kaka. Watu tu," akajibu kwa upole, akawasha gari. Mjomba akabaki barabarani akilinda mlango wa watu.

Tulifika zamu ya Bibi ikikaribia kupita. Jioni, jicho likiwa limefungwa bandeji, Bibi akamshika Mama mkono.

"Umemsikia yule dada? Alisema hapana, na hakumtukana mtu. Tairi halina mdomo, mwanangu. Likielemewa hupasuka. Mwenye gari ndiye wa kulisemea."

Mama akainamisha kichwa. Siku ya kuondoka, mgonjwa wa kitanda cha pili akatuomba tumpelekee nyumbani kabati lake dogo. Mama akanitazama.

"Hapana, dada yangu," akasema. "Utuwie radhi."