Chupa ya Jumapili

Shahidi wa kwanza alikuwa kuku, na alikufa kabla hajaulizwa swali. Alidonoa masalia yaliyomwagika chini ya meza ya Apolinary, akazunguka mara mbili, akaanguka ubavu akitupa miguu. Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi, Alhamisi, tarehe 13 Machi 1975. Ndani, mwenye kuku alikuwa kitandani, povu mdomoni, viungo vinakakamaa na kulegea, mkewe Boke amemshika kichwa. Kabla ya saa tano Apolinary naye alikata roho.

Sajenti Masatu alifika saa tisa alasiri na Land Rover ya polisi kutoka Musoma. Kijiji cha Ujamaa cha Juhudi, katikati ya Bunda na Butiama, kilikuwa na nyumba arobaini zilizopangwa mistari. Watu walihamishiwa pale mwaka uliotangulia, wengine kwa hiari, wengine wakiona mapaa yao ya nyasi yanaungua nyuma yao. Kisha mvua za vuli zikakosekana, na watu wakaanza kuchimba mizizi. Mtu pekee aliyekula akashiba siku ile alikuwa katibu wa kijiji, na katibu ndiye aliyekuwa maiti.

Juu ya meza palikuwa na chupa tatu za jemu, midomo yake imefunikwa kitambaa cha chandarua na kukazwa kwa mpira wa baiskeli. Kila moja ilikuwa na jina la siku kwa chaki: Jumapili, Jumatatu, Jumatano. Ya Jumapili ilikuwa nusu tupu.

"Hivi ni vitu gani, mama?" Masatu aliuliza.

"Choroko, afande," Boke alijibu. Alikuwa na ujauzito wa miezi sita, na alizungumza akitazama sakafu. "Mume wangu ana kisukari. Alisoma kijitabu kwamba mbegu zikiota ndani ya chupa zinamfaa mgonjwa. Basi anaagiza kwa posta, Nakuru, kampuni inaitwa Chipuko. Jioni anazilowesha. Asubuhi na jioni zinasuuzwa. Siku ya nne anazila mbichi, na chumvi na ndimu."

"Leo alikula ya Jumapili?"

"Saa kumi na mbili, taa ya kibatari. Alikuwa na haraka, anawahi mkutano Musoma."

"Wewe hukula?"

"Mimi sizilagi. Zinaninukia udongo."

"Na nani anazisuuza?"

Boke alikaza fundo la kanga. "Mimi. Ni mimi tu."

Neno hilo lilimtosha mkuu wa kituo, aliyekuja na Land Rover hiyohiyo. Mke ndiye mshika chupa, mume amekufa kwa kilichokuwa chupani, ndugu wa marehemu wanapiga kelele nje kwamba walijua tangu mwanzo. Kabla jua halijazama Boke alikuwa nyuma ya Land Rover, na kosa lake lilikuwa la kunyongewa. Hakulia wala kujitetea. Masatu aliyekaa naye alitamani angalau atukane, maana mtu anayetukana anakuwa bado anaitaka dunia.

Ijumaa daktari wa Musoma alisema ni dawa ya kuulia wadudu, ile inayopakwa mbegu za kupanda. Mkuu wa kituo akafurahi kupata mlango wa pili. Alikuwa na nakala ya barua ya Apolinary kwenda Nakuru, iliyosema, "Naomba mbegu za kuotesha."

"Unaona?" alisema. "Kuotesha. Wenzetu wamedhani za shambani, wakamletea zenye dawa. Mke akazitumia akijua, au bila kujua. Tufunge jalada."

Masatu hakubisha; bosi habishiwi saa nne asubuhi. Alichukua kopo la mbegu za Nakuru, ambalo lilibandikwa karatasi yenye maandishi makubwa: HAZINA DAWA, NI ZA KULA. Karatasi inaweza kudanganya, kwa hiyo alinunua kuku kwa pesa yake, akamlisha konzi nzima ya choroko za kopo hilo. Kuku alikula akaomba nyingine. Jumamosi alikuwa bado anaparua uani kwa Masatu, mtaa wa Makoko pale Musoma. Kwa hiyo kopo lilikuwa safi, na sumu iliingia chupani tu.

Hapo ndipo alipozikagua upya zile chupa, kwa jicho ambalo hakulipata chuo cha polisi. Mama yake alisomesha watoto sita kwa pombe ya ulezi, na Masatu alikua akigeuza kimea chini ya magunia. Mtoto wa muuza pombe anajua mbegu iliyolala siku moja, siku mbili, siku nne, bila kuuliza.

Kwenye daftari, siku ileile ya Alhamisi, alikuwa ameandika vipimo. Chupa ya Jumatatu: mikia yenye urefu wa pingili ya kidole. Chupa ya Jumapili: mikia mifupi kama punje ya mchele. Mkubwa alikuwa mdogo kuliko mdogo wake. Mtu alizimwaga mbegu za Jumapili akaweka nyingine, zilizoloweshwa baadaye, kama Jumanne usiku, tena mahali pengine.

Alichukua mbegu moja ya masalia, akaimenya kwa ukucha. Mwili wa mbegu ulikuwa wa kijani. Lakini kwenye kijicho chake, pale inaposhikana na ganda, palikuwa na uwekundu kidogo ambao maji hayakuufikia. Mbegu za kupanda za serikali, zilizogawiwa vijijini Januari, zilikuwa nyekundu hivyohivyo.

Alimpata Boke mahabusu, amekaa vilevile alivyomwacha.

"Jumanne usiku ulilala wapi?"

"Hapa Musoma. Kliniki."

"Kwa nini hukusema?"

"Hukuniuliza, afande."

Muuguzi Getruda, wa wodi ya waja wazito, alithibitisha kwa kadi. Boke aliingia Jumatatu saa nane mchana kwa sababu ya presha, akatoka Jumatano saa saba. Alikuja na kanga na kadi, akaondoka na kanga na kadi. Basi lilimshusha Juhudi saa kumi na mbili jioni, na zile mbegu zilikuwa zimekwisha kuanza kuota.

Masatu alirudi mahabusu mbio kama mtu aliyeokota pochi.

"Siku tatu hukuwepo. Mume wako alikuwa anasuuza mwenyewe?"

Boke alicheka kwa pua. "Apolinary? Asuuze chupa?"

"Basi nani?"

Boke aligeukia ukuta.

"Mama, wewe una mtoto tumboni. Mimi nakutafutia njia na wewe unaiziba kwa mikono miwili. Unamficha nani?"

"Niache tu, afande. Mimi yananistahili."

Jumapili alikwenda Bunda kwa Hamduni, mfanyabiashara wa duka ambaye Apolinary alitumia sanduku lake la posta. Ndugu wa marehemu walikuwa wamekwisha kumtaja. Mwezi mmoja nyuma Apolinary alimkamatisha kwa kuficha sukari, na Hamduni akaapa mbele ya watu kwamba katibu huyo atakula alichopanda.

"Nilisema, sikatai," Hamduni alisema, akipangusa mizani isiyokuwa na kitu cha kupima. "Ulimi hauna mfupa, ndugu Sajenti. Lakini kifurushi cha mwisho nilikipeleka mwenyewe Jumanne, saa nne, kimefungwa na lakiri ya posta. Sikuvuka hata kizingiti."

"Ulimkabidhi nani?"

"Katibu alikuwa shambani. Nilimpa yule bibi jirani. Bibi Wankyo. Alikuwa uani anasuuza yale machupa. Nikamtania, bibi, siku hizi unapika pombe ndani ya chupa? Hakucheka. Nikakumbuka kwamba ana msiba, nikaona aibu."

"Msiba gani?"

"Wajukuu. Wawili, Februari. Degedege."

"Wote wawili? Siku moja?"

"Usiku mmoja, ndivyo walivyosema."

Masatu alifunga daftari. Alikuwa na watoto wanne na aliijua degedege. Huja na homa, na haigongi mlango mmoja ikachukua wawili. Alhamisi alikuwa ameelezwa jinsi mtu mzima wa kijiji hichohicho alivyokakamaa na kulegea bila homa yoyote.

Jumatatu, saa tatu asubuhi, alimkuta Wankyo nje ya nyumba yake, ya tatu kutoka kwa katibu. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, anachambua mboga za mwitu. Kando ya nyumba palikuwa na matuta mawili mafupi. Mlangoni lilitandikwa gunia la kukanyagia miguu, limepigwa muhuri wa fuvu na maneno ya Kizungu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa. Mimi nilidhani utakuja Ijumaa."

Masatu alikaa chini. "Wakati Boke yuko kliniki, ulikuwa unasuuza wewe."

"Aliniomba. Ni mtoto mzuri yule. Watoto walipokufa, ni yeye tu aliyekuwa anakuja kunichotea maji. Wengine waliogopa."

"Jumanne usiku ulilowesha choroko za serikali."

"Ndani ya chungu changu cha kimea. Nilikuwa nimebakiza vikombe viwili, nimevificha. Jumatano mchana nikamwaga za kwake, nikaweka zangu. Nilijua Boke hazilagi. Ningejua mtamkamata yeye, ningekwenda Bunda kwa miguu siku ileile. Jana nilianza safari, magoti yakakataa pale mtoni."

"Lakini kwa nini, mama?"

Wankyo aliendelea kuchambua. Majani mabovu huku, mazima huku.

"Yule katibu alisimama pale na hilo gunia. Akasema, ni marufuku kula mbegu hizi, ni mali ya taifa, atakayekula atakwenda jela. Hivyo tu. Mimi nikapanda, mvua haikuja. Wajukuu wangu walikuwa siku ya tatu hawajala, Nyamhanga miaka saba, Shida miaka minne, mama yao alikufa akimzaa huyu mdogo. Nikasema moyoni, jela si kuna chakula? Nitakwenda mimi. Nikazipeleka kisimani nikaziosha maji matatu mpaka wekundu ukaisha."

"Hukujua ule wekundu ni dawa?"

"Nilijua ni alama. Kama ng'ombe anavyopigwa chapa, mwizi akimchukua ajulikane. Nikasema naitoa chapa ya serikali. Nilipika vikombe viwili, vikawatosha wao, mimi nikanywa maji. Shida alilamba chungu."

Masatu hakuandika tena.

"Nani alikwambia ni sumu?"

"Yeye. Baada ya matanga nikamwendea nimwambie nimepika mbegu, anipeleke jela. Akashika kichwa. Akasema, Mungu wangu, si nilikataza? Nikamwuliza, ulikataza, lakini kwa nini hukusema zinaua? Akasema, ningewaambia ni sumu, mngeziosha mle. Jela ndiyo mnaiogopa." Alikung'uta mapaja, akasimama. "Akaniambia nisimwambie mtu, atanipa debe la mahindi. Hajaleta. Kila asubuhi anatafuna mbegu zake kwa ndimu, na mimi namsikia mpaka huku. Twende, mwanangu. Yule mtoto wa watu atajifungulia mahabusu."

Saa nane mchana Land Rover ilisimama mbele ya kituo cha Musoma. Wankyo alirudia maelezo yote bila kupunguza neno, akabonyeza dole gumba. Mkuu wa kituo alisaini karatasi ya kumwachia Boke na kuuliza kama kuna chai. Masatu akaenda kumtoa mwenyewe. Tangu Alhamisi alikuwa ameitafuta saa hiyo, na alijiona anatabasamu.

Wanawake wawili walikutana kwenye korido, mmoja anaingia, mwingine anatoka.

"Mwanangu," Wankyo alisema. "Nisamehe. Haikuwa kesi yako. Sasa nenda nyumbani ulale."

Boke aliegemea ukuta. "Mama, usiniombe msamaha."

"Kwa nini nisikuombe?"

"Siku ile kisimani, ulipokuwa unaziosha, mimi nilikuwa ng'ambo, na ndoo. Nilikuona."

Wankyo alimtazama bila kuelewa. "Ulidhani naosha za kupanda."

"Hakuna anayeosha mbegu za kupanda, mama. Nilikuwaga najua zile ni sumu. Apolinary alinionya nisishike gunia. Akasema nikitoa siri, kijiji chote kitaziosha, na watu watakufa kwa sababu yangu. Nikabeba ndoo yangu nikaondoka. Kisha nikawa nakuchotea maji."

Askari wa zamu alikuwa ameshika mlango wazi, na hakuna aliyepita. Wankyo aliweka kiganja kwenye tumbo la Boke, akakiacha hapo kidogo, akakiondoa.

"Ungeniita tu, Boke. Jina langu tu. Ningegeuka."

Aliingia ndani mwenyewe, akauliza ni kona ipi ya kukaa. Boke alibaki koridoni na kadi yake ya kliniki mkononi. Alimwuliza Masatu, kwa sauti ya kawaida, kama anaweza kurudishwa mahabusu alipokuwa. Masatu akamwambia sheria hairuhusu, akafunga mlango nyuma ya Wankyo, na ufunguo ukazunguka mara mbili.