Kope za Chausiku

Asiyetaka kuamini asiamini, mimi sitamshika mtu shati. Bibi yangu mzaa mama aliyaona haya akiwa kigoli, na nyumba yao na nyumba ya Mwanjaa zilitenganishwa na mfereji wa maji tu, huko Towero, juu ya mji wa Morogoro. Nasema kama alivyoniambia, na alikuwa mtu asiyependa maneno mengi.

Siku yenyewe ilianza vizuri. Mavuno yalikwisha ingia ndani, ukungu uliondoka mapema milimani, na kule bondeni moshi wa treni ya Wajerumani ulikuwa unapanda mwembamba, umenyooka. Reli ilikuwa ngeni bado. Watoto walikuwa wakikimbilia ukingoni kuitazama, wakirudi wanapiga mluzi kama yenyewe. Uwanjani wanaume walikuwa wakizikausha ngoma kwenye moto, maana siku hiyo Asia alikuwa anatolewa.

Asia alikuwa mwali. Alikaa ndani mavuno mawili mazima, haoni jua, hatazamwi na mwanamume, anafundwa na Mwanjaa, mama yake mdogo. Mchumba wake, Rehani, alikuwa akifanya kazi ya reli kule Mikese, kijana mpole, na mama yake alikwisha panda mlima tangu jana yake na wanawake wenzake kuja kumpokea mkwe. Kila kitu kilikuwa tayari: pombe, kuku, shuka nyeupe ya merikani kutoka dukani kwa Ebrahim, na wanja aliouuza Rashida, mke wa Ebrahim, pamoja na maneno mengi ya kuusifu.

Ila Asia hakuwa na kope.

Hata unywele mmoja. Kipindi cha mvua macho yalimvimba kwa moshi wa humo ndani, na Mwanjaa, kwa kutaka kusaidia, akamkamulia majani fulani makali. Macho yalipona. Magamba yakatoka, na kope zote zikatoka nayo, zikabaki kingo mbili nyekundu, tupu, kama za kifaranga. Mwanjaa alinyamaza akingoja ziote. Hazikuota.

Mtasema, kope ni nini? Sikilizeni. Desturi ya kule mwali hutolewa amebebwa mabegani. Yeye yuko juu, watu wako chini, na haruhusiwi kumtazama mtu yeyote: macho chini tangu mlangoni mpaka mwisho wa ngoma. Kwa hiyo anayemtazama mwali haoni macho. Anaona kope. Wanawake wa pale walikuwa wakizisifu kope za mwali kuliko shanga zake.

Na kwa Asia kulikuwa na jingine zito zaidi. Mama yake mzazi, Chausiku, dada mkubwa wa Mwanjaa, alifariki kwa mwavi, ile sumu ya kupimia wachawi. Watoto watatu wa kijiji walikufa mwezi mmoja, watu wakasema ni jicho la Chausiku, kwamba akimtazama mtoto, mtoto hakai duniani. Usiku wakampa mwavi ndani ya uji anywe, kwa siri, kusudi habari isifike Boma kwa Wajerumani. Tumbo likavimba, akafa. Sasa binti wa mwanamke yule atoke mbele za watu na macho kama yale, mekundu, hayana hata kope? Mama yake Rehani angekuwa wa kwanza kupiga yowe. Wangesema jicho la mama limehamia kwa mtoto, na dawa ya jicho walikuwa wanaijua.

Basi hilo ndilo lililomkaa Mwanjaa rohoni asubuhi ile. Hakuhofia aibu. Alihofia kumzika Asia kama alivyomzika Chausiku.

"Mama, ngoma zimeanza kulia," Asia alinong'ona.

"Nazisikia. Lala chali. Fumba macho."

Ulimbo alikuwa nao, ule wa kunasia ndege, ameulainisha kwa mafuta ya nyonyo ukawa kama uji mzito. Mwiba wa kuchotea alikuwa nao. Wembe, nao. Kilichokosekana ni nywele. Alikwisha jaribu manyoya ya mbuzi jana yake, yakasimama kama ufagio. Alikwisha jaribu nywele zake mwenyewe, zikajikunja. Na nje wanawake walikuwa wanaimba wakikaribia mlango.

Ndipo akanyoosha mkono darini akatoa kibuyu kidogo kilichozibwa kwa gunzi.

Lazima niwaeleze. Mtu akifa kule, hunyolewa, na nywele zake hukaa na ndugu yake mpaka apatikane mrithi. Siku ya kurithi, mrithi hukalishwa mbele ya ukoo akiwa amevaa kitu cha marehemu, mjomba humwita kwa jina la marehemu, yeye huitika, basi. Kuanzia hapo yeye ndiye marehemu. Watoto wa marehemu humwita mama, na wazee humwuliza mambo ya zamani. Lakini jina la Chausiku hakuna aliyelitaka. Kaka yao, Salum, ndiye mjomba wa ukoo, alilifunga. Akakataza lisitajwe, na akamwamuru Mwanjaa nywele zile azivushe mto azifukie. Kisha akaondoka kubeba mizigo ya Mjerumani mmoja aliyekuwa akipima ardhi.

Mwanjaa hakuzifukia. Alimpenda dada yake, jamani. Hakuamini hata siku moja kwamba ni mchawi. Nywele zile zilikuwa za singa, nyeusi, laini, za baba Mwarabu kama watu walivyodai, na ndizo tu zilizobaki za Chausiku duniani.

"Ni za mama yake," alijiambia. "Mama atamdhuru mwanawe? Jioni nitazibandua."

Akatandaza nywele chache juu ya jani la mgomba, akazikata kwa wembe fupi, sawasawa. Akachota ulimbo kwa ncha ya mwiba, akaupitisha ukingoni mwa jicho la kulia, mstari mwembamba. Akangoja kidogo ushike, maana ukibandika ungali maji nywele zinalala. Kisha akaanza katikati ya jicho, akaenda pembeni, akarudi pembe ya ndani, unywele kwa unywele, akizuia pumzi. Mikono ilikwenda mbio hata yeye alishangaa.

"Zinawasha," alisema Asia.

"Vumilia. Usifumbue."

Jicho la kulia likaisha. Likapendeza mno. Mwanjaa akageuka kuchota ulimbo wa jicho la kushoto, akageuka tena.

Jicho la kushoto lilikuwa tayari lina kope.

Alitazama jani. Nywele alizozikatia jicho la pili zilikuwa hazipo. Akajisemea kwamba ni haraka, amebandika na kusahau, mtu huchanganyikiwa. Mlango ukagongwa. Akampaka mwali wanja, akamfunika shuka, akafungua.

Nje jua lilikuwa kali. Wakambeba Asia mabegani, shuka ikashushwa, akainamisha macho, na wanawake wakauona ule uzuri. Kisha wakapiga vigelegele mpaka milima ikajibu. Mama yake Rehani alitembea ubavuni akimtazama kutoka chini, akasema, "Mwanangu kapata!" Mwanjaa alilia kwa furaha. Bibi yangu alimwona, machozi yakimtiririka, anacheza peku.

Wakati huohuo Salum akaingia uwanjani.

Alikuwa ametoka safarini asubuhi hiyo, vumbi magotini, fimbo mkononi. Watoto wakamwamkia shikamoo, akawaitikia, anacheka, anapenya katikati ya watu aende kumwona mpwa wake. Akafika mbele. Akainua uso.

Kicheko kikakatika.

"Chausiku!"

Lilimtoka tu. Hakukusudia. Mtu mzima yule aliona kope za dada yake kwenye uso ule, na mdomo ukasema. Ngoma zikanyamaza. Na kule juu, mabegani mwa watu, mwali akainua macho.

"Abee," akaitika.

Sauti haikuwa ya Asia. Ilikuwa nzito, ya mwanamke mtu mzima, yenye mkwaruzo kidogo. Kila aliyezidi umri wa miaka ishirini pale uwanjani aliijua.

"Umerudi, kaka," ikaendelea, taratibu. "Ule uji wako ulikuwa mchungu."

Waliombeba wakamwachia. Hakuanguka. Alishuka kwa miguu yake, akajitengeneza shuka, akaenda kukaa kwenye kigoda cha Mwanjaa mlangoni. Mama yake Rehani alikuwa amekwisha geuka. Yeye na watu wake walishuka mlima mbio, na mzigo wao wa zawadi waliuacha njiani. Rehani alibaki nyuma akiita, "Asia! Asia!" Yule kwenye kigoda hakugeuka. Hakuwa anaitwa yeye.

Salum alimvuta Mwanjaa nyuma ya nyumba.

"Nywele ulizifukia?"

Mwanjaa akatikisa kichwa.

"Lo, Mwanjaa. Lo, mdogo wangu."

"Niliogopa wangemuua, kaka. Mtoto hana kope, ningefanyaje?"

"Umemvika. Na mimi nimemwita." Salum alijishika mdomo. "Kinywa kilichompa jina ndicho kinachoweza kumvua. Kesho jua likichomoza, niwekee unga na maji kwenye kata. Nitamvua. Wewe usimtazame machoni."

Usiku ule Mwanjaa alijaribu mwenyewe kwanza. Alimkuta amelala, akapaka mafuta ya nyonyo ya moto kwenye kope zile, akavuta moja kwa kucha. Ikatoka na damu. Ilikuwa na mzizi. Yule akafumbua macho akamtazama bila hasira.

"Unaniumiza, mdogo wangu," akasema.

Jua lilipochomoza, unga na maji vilikuwa tayari. Salum alitoka chumbani akishika ukuta. Alikuwa akionyesha mdomo wake kwa kidole. Midomo ilikuwa imegandana, ule wa juu na wa chini, pamefungwa kwa kitu cheusi kinachong'aa. Ulimbo. Mwanjaa alipaka mafuta. Akapaka maji ya moto. Akachukua kisu, akapasua taratibu katikati ya midomo. Chini ya ulimbo hapakuwa na ufa. Palikuwa na ngozi.

Salum aliishi siku tatu. Tumbo lilimvimba. Macho yake yalikuwa yakimfuata Mwanjaa kila mahali, yanataka kusema. Siku ya tatu akafa na lile jina ndani.

Hakuwepo mjomba mwingine. Ukoo ule, unaofuata upande wa mama, ulikuwa umebaki na Mwanjaa tu, na mwanamke havui jina. Alikwenda kwa waganga wawili. Wa kwanza alifunga mlango alipomwona kwa mbali, wa pili alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza kama ana pa kulala mbali na pale.

"Nina mtoto mle," Mwanjaa alijibu, akarudi.

Akaishi naye. Angefanyaje? Mwanamke yule alipika, alilima, alimtania kwa mambo ya utoto wao ambayo Asia hakuyajua. Alikuwa dada yake kabisa, na hilo ndilo lilikuwa baya kuliko yote, maana kuna siku Mwanjaa alijikuta anacheka naye. Kijijini watoto hawakupita tena njia ile. Mmoja alipita. Hakufika mwisho wa wiki. Hapo Mwanjaa akajua kwamba kwa wale watatu wa mwanzo Chausiku hakusingiziwa, na kwamba kwa miaka yote ile yeye peke yake ndiye aliyekuwa mjinga.

Lakini kila mchana, yule mwanamke alipojinyoosha kitandani na usingizi ukamchukua, midomo yake ilikuwa inasogea. Hapo ndipo sauti ya Asia ilipotoka, ndogo, kutoka mbali.

"Mama? Ngoma bado?"

Mwanjaa alikuwa akipiga magoti sikioni. "Bado kidogo, mwanangu."

"Huku pamekuwa giza sana. Nani kafunga mlango?"

"Mimi. Nitafungua."

"Nitatolewa lini?"

Miaka ikapita hivyo. Mchana hadi mchana. Maswali yakawa machache. Baadaye likabaki moja tu: "Mama?" Na mchana mmoja wa kiangazi Mwanjaa alipiga magoti, akasubiri, akainama zaidi, mpaka sikio likagusa midomo. Palikuwa na pumzi tu. Aliita, "Asia. Asia mwanangu. Asia." Aliyefumbua macho akamwuliza anamlilia nani.

Vita vya Wazungu vilipofika, yule mwanamke alishuka mlimani asubuhi moja na kapu lake, akapotelea mjini katikati ya askari na wapagazi. Hakuna aliyemfuata. Mwanjaa alisema hawezi kulala tena katika nyumba ile, akaomba majirani waibomoe, na bibi yangu, akiwa sasa ni mwanamke mwenye watoto, alikwenda kusaidia. Ilikuwa nyumba ya fito na udongo, aliyoijenga baba yake Mwanjaa kabla Asia hajazaliwa.

Walipoubomoa ukuta wa chumba cha mwali, katikati ya udongo, baina ya fito, wakakuta michirizi. Ilikuwa ya vidole kumi. Ilianzia ndani kabisa ya ukuta na kuelekea nje. Bibi yangu aliingiza vidole vyake. Vilikuwa vinene, havikuenea. Udongo wa pande zote ulikuwa mkavu kama tofali, ila ndani ya michirizi ulikuwa mbichi. Na pale ilipokoma, hadi kutokeza upande wa jua, ulikuwa umebaki udongo wa unene wa ukucha tu.