Mwitikiaji wa Chumba cha Stoo

Chiriku alipojitoa kwenye bendi alitangaza mbele ya watu kwamba amechoka kuitikia nyimbo za wenzake. Sasa angeimba zake, peke yake. Wakamcheka, akameza. Hakuwa na mali nyingine duniani ila ile sauti, na alijua fika kwamba ni nzuri.

Kaka yake, fundi mitambo, alimgeuzia stoo ya ghorofani kuwa studio. Magodoro yalifunika kuta zote, hata dirisha. Mchana wa jua kali Chiriku alivaa visikilizio, kaka akabonyeza kitufe, naye kwa mazoea ya jukwaani akaita kama bendi yao ilivyoitana kabla ya kila wimbo:

"Wenzangu, mpo?"

"Tupo," sauti ya kiume ikamjibu masikioni.

Alimgeukia kaka akidhani ni utani. Kaka alikuwa akitafuna karanga, mdomo umejaa, hata kusema "mm" asingeweza.

Waliposikiliza wimbo waliorekodi, kulikuwa na mtu anamwitikia chini kwa chini, tena kwa ufundi. Chumba kikaanza kunuka nywele zilizoungua.

"Kaka, mtoe," alinong'ona.

"Nimeshamfuta mara mbili, dada. Anarudi."

Kaka akang'oa waya ukutani, na hapo, umeme ukiwa haupo, wimbo ukaendelea, ukapanda, magodoro yakachanika moja baada ya jingine kama yamepitiwa na wembe, gita lililoegemezwa kwenye kiti likaruka likampiga kaka usoni, likampiga tena alipoanguka, nyuzi zake zikafyatuka zikamzunguka shingo zikikaza, na Chiriku akizivuta kwa vidole vilivyokuwa vinakatika alisikia kile kitu kikihesabu mapigo taratibu, moja, mbili, tatu, nne, kama mpiga ngoma anayewasubiri wenzake waanze.

Nyuzi zilikatika kaka akiwa bado anapumua. Hospitali walimlaza.

Kesho yake asubuhi Chiriku alimleta mganga, bibi mmoja mfupi asiyependa maneno mengi. Bibi alinusa hewa akakataa kuvuka kizingiti.

"Umemwita mwenyewe, mwanangu. Yeye anajua yumo kwenye bendi yako."

"Nifanyeje, bibi? Amemuumiza kaka yangu."

"Ingia, mwambie bendi imevunjika. Usiongeze neno hata moja."

Chiriku aliingia. "Bendi imevunjika," alisema.

Ile harufu ikaanza kupungua. Hasira ikampanda, akaikumbuka damu ya kaka, na ulimi ukamteleza, ukasema wanachosema wanamuziki wote siku ya kuachana:

"Kila mtu achukue chombo chake aondoke!"

"Mtoto wewe!" bibi alipiga kelele mlangoni.

"Haya," ile sauti ikasema, karibu kabisa na uso wake. "Mimi sikuwa na gita wala ngoma. Mimi nilikuwa naimba."

Vidole asivyoviona vilimpanua taya mpaka likalia, vikashuka kooni, vikashika, vikavuta. Alianguka chali. Bibi alirushwa ukutani, na kitu kikampita kikashuka ngazi kikiimba wimbo wa Chiriku, kwa sauti ya Chiriku, vizuri kuliko alivyowahi kuuimba.

Chiriku alijiburuta hadi dirisha la sebuleni, akavunja kioo kwa ngumi. Barabarani watu walikuwa wamesimama wanasikiliza, wengine wamefumba macho. Alifungua mdomo awaambie kwamba ule wimbo ni wake. Ilitoka damu, na pumzi.

Huko chini wakaanza kupiga makofi.