Goti la Hadassa

Siku treni ilipofika Kamina, gare, yaani stesheni, ilijaa watu, mbuzi na samaki wakavu wa Mulongo. Hadassa, binti wa fundi wa reli na mshambuliaji wa timu ya soka ya wasichana wa reli, aliruka kutoka mlango wa behewa akiwa na jezi ya njano na kitambaa cha liputa cha kijani alichojifunga kiunoni. Alipotua, goti lake la kuume likapinda kuelekea ndani.

Aliyeona ni Ngandu, kijana wa shati jeupe lililopigwa pasi, ambaye kazi yake ni kunyoosha viungo vya wagonjwa.

"Dada, ile goti inachoka."

"Na macho yako je? Hayachoke kuangalia miguu ya batu?"

Watu wakacheka. Lakini namba ya simu alipewa.

Miezi miwili simu hazikupoa.

"Cheri, unawaza nini?"

"Goti yako."

"Goti tu? Na sura?"

"Sura iko salama. Kitendawili."

"Tega."

"Asubuhi anamutii bwana wake, mangaribi anajiendea kwake."

"Mutoto wa masomo."

"Hapana. Mguu ya mwenye kucheza."

Wasichana wa reli wana desturi yao: asubuhi ya mechi huruka mataruma, zile mbao zinazolazwa chini ya reli, mizunguko mitano, kama mama zao walivyofanya, ili miguu ikomae. Jumapili ilikuwa fainali, na kocha wa Lubumbashi alikuwa anakuja kuchagua mchezaji mmoja. Jumamosi Ngandu akamwendea kocha wao, Mama Mauwa, akamwomba Hadassa asiruke mataruma, na akichoka atolewe.

Jioni Hadassa akapiga simu.

"Umeambia Mama Mauwa minyi niko mubovu?"

"Hapana, mapenzi, nilisema tu..."

Simu ikakatwa.

Asubuhi Ngandu alitangulia relini. Hadassa hakumsalimu.

"Ruka mara moja nipige video," Ngandu akamwomba. "Kisha mataruma, kisha uruke tena. Nikikosea, sitasema tena juu ya goti."

"Piga. Utaona haya."

Baada ya mzunguko wa pili akaruka tena. Wakainamia simu, vichwa vikigusana. Mara ya kwanza goti lilisimama juu ya unyayo. Mara ya pili lilianguka ndani, kama mlango uliolegea bawaba.

"Nyama ya paja ikichoka, haishike goti tena," Ngandu akasema. "Pale ndio kamba za ndani ya goti zinakatika. Haiko ubovu."

Mama Mauwa akaangalia video mara mbili. "Kumbe ni sisi tunabachokesha," akasema, akawatuma wote wakapumzike.

"Juu ya nini haukuniambia minyi kwanza?" Hadassa akauliza.

"Kosa iko yangu."

Mchana ule Hadassa alifunga mawili. Dakika ya sabini akahisi miguu mizito, akainua mkono mwenyewe, akatoka. Kocha wa Lubumbashi alikuwa amekwisha kuandika jina lake.

Ngandu akampa maji. "Kesho nitakwenda kuona baba yako."

"Unaanza tena. Ni baba ndiye utaoa?"

Ngandu akacheka kwa aibu. "Hadassa, utakubali nikuoe?"

"Nakubali," akasema, akamwegemea begani mbele ya timu nzima. "Sasa unaweza kwenda kwa baba."